Marehemu Edward Tingatinga, Mchoraji wa Miaka Minne

Mkulima yeyote wa upande huu wa Isebania, ukimtajia neno tingatinga, hatakosa kukuonyesha trekta, au ile mashine kubwa isukumayo udongo barabara inapotengenezwa. Wala hakosei. Lakini neno hilo hilo ni jina la mtu, tena mtu aliyezaliwa na wazazi wakulima, asiyepata shule ya maana, ambaye leo jina lake latajwa huko Ujapani, Denmark, Uswidi na Marekani na watu wasioweza kusema neno jingine lolote la Kiswahili. Yeye ni marehemu Bwana Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha yake, kwa kuwa zimo ndani yake habari ambazo hata wale waliotundika picha zake ukutani hawazijui.

Ya kwanza, na ya kustaajabisha kuliko nyingine, ni hii: kazi yote iliyompatia sifa aliifanya katika muda wa miaka 4 tu, tangu mwaka 1968 mpaka mwaka 1972. Alipoanza alikuwa na umri wa miaka 36, na alipokufa alikuwa na miaka 40. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake si maisha ya mchoraji hata kidogo, bali ni maisha ya mtu maskini atafutaye kazi, kama walivyo jamaa zetu wengi.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati ule. Mama yake alikuwa Mkristo na baba yake Mwislamu, na ndiyo maana jina lake lina Edward mbele na Saidi nyuma, pasipo mtu kuona ajabu. Mama yake alikuwa wa kabila la Wamakua, na Wamakua ni watu wakaao pande zote mbili za mto Ruvuma, wengine Tanzania na wengi zaidi Msumbiji. Wasomaji wa Isebania hawana haja ya kuelezwa sana jambo hilo. Wakuria nao wako huku Kenya na kule Tarime, na waliochora mpaka hawakuwauliza kitu.

Wazazi wake walilima chakula cha kula nyumbani, wala hapakuwa na zao kubwa la kuleta fedha. Edward alisoma miaka michache tu katika shule ya misheni, kisha akarudi shambani. Mwaka 1957, alipokuwa kijana wa miaka 25, aliaga akaenda mbali, hata Tanga, kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge.

KAZI YA MKONGE NA KAZI YA NYUMBANI

Yafaa tukumbuke mkonge ulikuwa kitu gani katika miaka hiyo. Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikitoa mkonge mwingi kupita nchi zote za dunia, na mashamba ya Tanga yalikula watu kama moto ulavyo nyasi. Walitoka kusini, walitoka Msumbiji, walitoka Ruanda na Urundi, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba waliyopewa wakati wa kuandikwa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukata majani yenye miiba, kuyafunga vitita, na kuhesabiwa vitita hivyo jioni. Wazee wa Nyanza ya Kusini waliokwenda kuchuma chai Kericho wataifahamu hali hiyo upesi, ingawa jani la chai halichomi kama la mkonge.

Bwana Tingatinga hakukaa huko sana. Mwaka 1959 alikwenda Dar es Salaam, akaajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani kwa afisa mmoja Mwingereza. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 maafisa wa namna hiyo walianza kurudi kwao, na watumishi wao wakabaki mjini bila kazi. Naye akawa mmoja wao. Tangu hapo alifanya alichokipata: alifanya kazi katika ujenzi wa nyumba, aliuza matunda na mboga. Watu wa mitaani waliomjua siku zile walimjua zaidi kwa muziki na ngoma, maana alikuwa mpigaji hodari, na hapana aliyemfikiria kuwa mchoraji.

Tuseme wazi kwamba katika miaka hiyo hiyo walikuwako Waafrika wachoraji waliosoma sana. Bwana Sam Ntiro, Mchaga, alisomea uchoraji Makerere na kisha London, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru alipelekwa London kuwa mjumbe mkuu wa kwanza wa nchi yake huko. Bwana Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro na wa Makerere, alichora zile picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi. Hao ni watu wa heshima kubwa. Lakini mwulize leo mgeni ashukaye katika ndege akutajie namna moja ya uchoraji wa Afrika Mashariki, atakutajia jina la yule muuza mboga.

RANGI YA BAISKELI

Alianzaje? Yasemekana kwamba katika miaka hiyo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mjini Dar es Salaam, na Wazungu wakizinunua. Bwana Tingatinga aliziona, akaona kuwa naye aweza kujaribu. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji, wala rangi zile za mafuta zitiwazo katika vichupa vidogo, wala hakuwa na fedha ya kuvinunua. Alikuwa na ujuzi wa ujenzi. Basi akachukua vile vibao vyembamba vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, ambavyo wajenzi hufunikia dari, na kwa rangi akachukua ile ing'aayo inayopakwa baiskeli. Vitu vyote viwili vilipatikana katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo makarani wetu wataipenda. Ubao wa namna ile huuzwa ukiwa na futi 4 kwa futi 8. Ukiukata vipande vya mraba vya futi 2 kwa futi 2 unapata vipande 8 kamili, wala hakibaki hata kipande cha kutupa. Picha nyingi za Tingatinga, na za wafuasi wake baada yake, zina kipimo hicho hicho au karibu nacho. Wako wataalamu wa Ulaya watakaokueleza mengi juu ya uzuri wa umbo la mraba. Huenda ikawa kweli, lakini fundi wa dari angekuwa na jibu fupi zaidi.

Rangi ya baiskeli nayo ina tabia zake. Imetengenezwa kwa ajili ya chuma, kwa hiyo ni nzito, inang'aa, na haikauki upesi. Mchoraji hawezi kupaka rangi ya pili juu ya ya kwanza kabla haijakauka, ila zitachanganyika na kuharibika. Kwa hiyo ilimpasa apake kwanza ubao wote rangi moja au mbili, aache ikauke, halafu amchore mnyama juu yake kwa mistari isiyo na mashaka, kisha atie madoa, moja moja. Ndivyo zilivyo picha zake. Utaona chui mmoja, au tembo, au ndege mwenye mkia mrefu, amesimama peke yake, pengine na mti mmoja au majani machache, na nyuma yake hakuna kilima wala mawingu wala chochote ila rangi tupu. Mnyama hana kivuli. Jicho lake hukutazama.

Picha hizo aliziuza mahali paitwapo Morogoro Stores, katika mtaa wa Oysterbay, chini ya mbuyu. Mahali hapo palichaguliwa kwa akili. Oysterbay ndiko walikokaa wageni wenye mishahara mizuri, na Morogoro Stores ndilo duka walilokwenda kununua vyakula. Wengi wao walikuwa watu wa Denmark, Uswidi, Norway na Finland, waliokuja kufanya kazi za maendeleo baada ya uhuru. Hao ndio waliokuwa wanunuzi wake wa kwanza. Walizinunua kama vitu vya kumbukumbu vya bei nafuu, wakazitia katika masanduku yao walipokwenda kwao, na hivyo baadhi ya picha za kale za Tingatinga ziko Ulaya ya Kaskazini kuliko Tunduru.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata picha zilipoanza kununuliwa hakuacha kazi ya mshahara. Alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili akawa msaidizi wa wauguzi, akachora wakati asipokuwa zamu. Mwaka 1970 alioa, mkewe akiitwa Agatha Mataka. Baadaye kidogo shirika la umma la sanaa likaanza kununua picha zake na kuzitafutia soko, na ikaonekana kwamba sasa maisha yatanyooka.

Na hapa ndipo alipofanya jambo lililoleta matokeo makubwa kuliko picha zake mwenyewe. Aliwaita vijana wa ukoo wake na wa kwao kusini, akawafundisha. Wanaotajwa kuwa wanafunzi wake wa kwanza ni Simon Mpata, Casper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia. Hakuwafundisha kwa kitabu wala ubao wa chaki. Walikaa pamoja naye nyumbani, wakaanza kwa kupaka ile rangi ya nyuma ya picha, kisha wakaruhusiwa kujaza madoa, mwishowe wakachora mnyama mzima, kama vile mtoto wa fundi seremala aanzavyo kwa kushika msumeno upande mmoja.

KIFO CHAKE

Mwaka 1972, usiku, Bwana Tingatinga alikuwa ndani ya motokaa pamoja na wenzake katika mji wa Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwatafuta wezi. Waliifuata motokaa ile, wakadhani wezi wamo ndani yake, wakapiga risasi. Risasi ilimpata Tingatinga, naye akafa. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtumishi wa hospitali, mwenye mke na watoto wadogo.

Habari hiyo huandikwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vingi vinavyosifu picha zake, kana kwamba ni jambo dogo la pembeni. Sisi twaona si dogo. Watu 2 wakigombania leo kama chui fulani amechorwa na mwenyewe au na mwanafunzi, wanagombania kwa sababu mwenyewe hakupewa muda wa kuchora chui wengine. Kwa nchi nzima hiyo ni hasara isiyohesabika, na kwa mkewe na watoto ilikuwa hasara ya mshahara wa mwezi ule.

MFANO WA MTOZA USHURU WA PARIS

Kwa kuwa Isebania ni mji wa forodha, na baadhi ya wasomaji wetu wameketi sasa hivi nyuma ya meza ya ushuru, tutapumzika kidogo tuwape habari za mchoraji mwingine ambaye wajuzi wa Ulaya hupenda kumlinganisha na Tingatinga. Huyo ni Mfaransa, Henri Rousseau, aliyezaliwa mwaka 1844. Tangu mwaka 1871 hata 1893 kazi yake ilikuwa kukaa kwenye malango ya mji wa Paris na kutoza ushuru wa vitu vilivyoingizwa mjini. Hata leo watu humwita Afisa wa Forodha, ingawa kwa kweli hakufikia cheo hicho. Alikuwa karani wa ushuru wa mji tu. Naye hakufundishwa na mtu, naye alianza akiwa mtu mzima, na alipofika miaka 49 aliacha kazi ya serikali ili achore.

Rousseau alichora misitu minene yenye simba na nyani, na watu wakasadiki kuwa aliiona alipokuwa askari huko Mexico, maana ndivyo ilivyosimuliwa. Lakini hakuvuka mpaka wa Ufaransa hata mara moja. Misitu yake aliitoa katika bustani ya serikali ya mimea mjini Paris. Wakubwa wa sanaa walimcheka miaka mingi. Mchoraji kijana, Pablo Picasso, aliiona picha moja ya Rousseau kwa muuza vitu vya zamani, ikiuzwa faranga 5 tu kwa faida ya kitambaa chake, kwamba mtu aweza kupaka juu yake picha nyingine. Picasso akainunua, akaitunza maisha yake yote, na mwaka 1908 akamfanyia yule mzee karamu nyumbani kwake. Rousseau alikufa mwaka 1910 bado maskini.

Walakini tofauti ni kubwa. Rousseau hakuacha mwanafunzi hata mmoja. Tingatinga aliacha kijiji kizima.

WALIOBAKI

Baada ya mazishi, vijana wale wangaliweza kutawanyika, kila mtu akarudi Tunduru kulima. Hawakufanya hivyo. Waliendelea kuchora na kuuza mahali pale pale, wakawaita ndugu wengine, na hao wakaita wengine tena. Mwaka 1990 kundi lao liliandikishwa kuwa chama cha ushirika kwa jina la Tingatinga Arts Co-operative Society. Wakulima wetu wanajua vyama vya ushirika, mema yake na magomvi yake, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza kwamba mambo hayakuwa matulivu siku zote. Miongoni mwa wachoraji wa chama hicho yumo Bwana Daudi Tingatinga, mwana wa marehemu.

Picha zenyewe zimebadilika. Mwalimu alichora mnyama mmoja katika uwanja mtupu. Wafuasi wamejaza ubao hata hapana nafasi ya kidole: twiga kumi, ndege hamsini, soko, hospitali, mlima Kilimanjaro kwa nyuma. Wageni huzipenda sana hizo. Mwandishi wa makala haya, kama angeulizwa, angechagua ule ukimya wa picha za kwanza, lakini mtu anayelisha watoto kwa brashi hana budi kuchora kile kinunuliwacho, wala hatuwezi kumlaumu.

Simon Mpata alikuja kuishi Kenya, akachorea Nairobi, na Wajapani wakampenda mno. Wasomaji wetu waliopata kusafiri katika Maasai Mara wameona pengine, juu ya ukingo wa Oloololo, hoteli ya Wajapani iitwayo Mpata Safari Club. Ni jina lake. Kutoka Isebania si mbali sana kwa aliye na gari la kupita njia mbaya: mkimbizi wa umaskini kutoka mpaka wa Msumbiji, jina lake limewekwa juu ya mlima jirani na Wakuria.

Kisha jina la Tingatinga mwenyewe lilitoka katika mikono ya ukoo na ya chama pia. Leo duka lolote la vitu vya kumbukumbu, Nairobi, Arusha, Mombasa au Unguja, huuza "tingatinga", na mwuzaji pengine hajui kama palikuwa na mtu. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha hadithi za wanyama kwa watoto, zilizotengenezwa mjini Nairobi kwa mtindo ule ule wa kuchora, na zikaitwa Tinga Tinga Tales. Watoto wa nchi nyingi walizipenda, na vijana wetu wengi wa Nairobi walipata kazi na ujuzi humo. Lakini papo hapo likaamka swali ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: jina la mtu aliyekufa bila kuandikisha chochote ni mali ya nani? Ni la watoto wake? Ni la chama, ambacho ndicho kilichoitunza kazi miaka yote? Au limekuwa neno kama maneno mengine, kama vile trekta lilivyo neno? Wanasheria wana maneno yao juu ya alama za biashara. Mzee wa kijijini angeuliza kwanza kama wenye jina walishirikishwa katika chakula.

Kwa sababu hiyo pia picha za uongo ni nyingi. Alitia sahihi yake kwa herufi kubwa, E. S. TINGATINGA, na herufi kubwa ni rahisi kuigwa na kila mtu mwenye brashi. Anayetaka kununua asidanganywe na sahihi peke yake. Atazame kama ubao ni mkuukuu, kama rangi imepasuka kwa uzee, na kama mnyama amesimama peke yake. Na akitajiwa picha ya mwaka 1975 kwamba ni ya mkono wa mwenyewe, basi na aondoke dukani bila kuaga.

Msomaji wetu atakayevuka Sirari na kuendelea na safari ya basi kupitia Musoma na Mwanza, hata akafika Dar es Salaam, aulize Morogoro Stores, Oysterbay. Kila dereva wa teksi anapajua. Atawakuta wachoraji wameketi chini, ubao wameuweka mapajani, kopo la rangi kando ya mguu, na mwanafunzi mmoja karibu yao akisubiri rangi ya nyuma ikauke.